Ufunguo wa Nyumba ya Shemeji

Ruiru, Jumapili

Dada yangu Mwanaisha,

Pokea salamu zangu hata kama mkono wako unasita. Mgongo umepoa? Mvua imelikumbuka shamba huko Taveta? Mimi mwili ni mzima; roho ndiyo mgonjwa.

Najua mmenisema. Kampuni iligawa nyumba kwa kufuata miaka ya kazi, na orodha ikapangwa na programu ya kompyuta niliyoiandika mimi. Mimi mwenye mitatu nikapata, mumeo mwenye kumi na mmoja akakosa. Shemeji Juma alisimama mlangoni pa ofisi, watu wakisikia: "Wee Rajabu, hiyo kompyuta ni mke wako? Mbona inakupikia wewe tu?" Akaacha kazi, akafunga virago, akaja kwako. Mimi nikaapa sikugusa kitu. Iliniuma, dada. Kazi hii ya kompyuta hakuna aliyenisomesha. Nilijifunza nikifagia ofisi hiyo hiyo.

Juzi meneja wa Thika alitaka kuona majina ya wakongwe wa kiwanda. Wa miaka tisa akatoka juu, wa ishirini chini. Nikashtuka. Nikaipitia programu yangu, mstari kwa mstari. Kumbe miaka niliihifadhi kama herufi, si nambari. Basi kompyuta hulinganisha kama kamusi ipangavyo maneno, ikianza na alama ya mbele: 3 yangu ikaipiga 11 ya Shemeji, maana 3 inaizidi ile 1. Nilipoijaribu mwanzoni nilitumia wafanyakazi wapya watupu, wote chini ya miaka kumi. Ikajibu sawa, nikaringa.

Dawa ni kugeuza herufi ziwe nambari kabla ya kulinganisha. Ikagoma, kwa kuwa vibarua hatukuwajazia miaka. Nikawawekea sifuri, ikakubali. Jina la Shemeji likapanda, langu likatumbukia.

Nikamwambia meneja huyo. Akanijibu: "Rajabu, nyumba umeshaingia. Nani atajua?"

"Mimi ninayelala humo."

Sikuiba, dada. Lakini niliapa kabla ya kukagua, na hilo ndilo linalonichoma.

Nimehamia chumba kile alichokiacha Shemeji, mtaani Kiuu. Msimamizi wa kiwanda anamshikia nafasi yake ya kazi hadi mwisho wa mwezi. Aje. Akitaka asinisalimie, lakini nyumba aichukue.

Msalimie Mama, na mjomba fundi baiskeli. Na binti yako aliyeniita mwizi nilipokuja Idi, mwambie alikosea kidogo tu.

Ni mimi nduguyo, ufunguo ukiwa mfukoni,

Rajabu