Bukari ya kilio, Kikula

Yaya Béa, dada yangu,

Nakuamkia kutoka Likasi, nikiwa mzima wa mwili ila kichwa kimevurugika kabisa.

Naendesha gari peke yangu, polepole, nikisimama kwenye kila kilima kizuri, ndiyo maana leo mchana njaa ilinikamata hapa mtaani Kikula. Nikaona turubai kando ya njia, viti vya plastiki, na akina mama wanasonga bukari. Nikadhani ni mgahawa. Nikaketi, nikaletewa bukari na sombe ya majani ya muhogo bila kuulizwa neno, nami kwa sauti kubwa nikaomba pilipili na soda baridi.

Watu wote wakanigeukia. Mama mmoja akaniinamia: "Papa, huku ni kilio, tumefiwa."

Ningekimbia, yaya, lakini machozi yalikuwa yameshanitoka. Mimi, niliyemzika baba macho makavu mpaka ukaninunia! Mjane akaniuliza, "Weye unamulilia nani?" Nikataja jina la baba. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka wake.

Mpaka sasa sielewi kilichonipata. Na sombe ilikuwa tamu, naona aibu kusema. Wabusu watoto, Mungu awalinde, na mwambie mama nimelia.

Mdogo wako,
Justin