Ungo Ulio Ukutani

Dodoma Mjini,
Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, na kile kikohozi kimeisha. Mgongo wako je? Na mtama umeshatoa masuke, au ndege wameuwahi?

Mama, umeuliza barua mbili sasa kama ule ungo niliowaletea watu wa hapa unapepeta vizuri, nami sijajibu. Haupepeti. Mama mdogo ameutundika sebuleni, juu ya redio, na msumari umepita katikati, pale kwenye duara jeusi. Ulinieleza duara lile umeliweka ili punje nyeupe zionekane na jicho lisichoke kutafuta mawe. Wageni wanasema ni pambo zuri sana.

Nilikaa na jambo hili siku nyingi. Niliandika maneno kwenye daftari kwanza nisije nikababaika, halafu nikamwambia, "Mama mdogo, kule kwetu ule ni wa kupepetea."

Akacheka. "Tupepete nini hapa, mwanangu? Unga si tunanunua kwenye mfuko?"

Baba mdogo akasema nyuma ya gazeti, "Mwache huyo. Hata ua atakuuliza kazi yake." Wakacheka, nami nikacheka. Siwezi kubishana na watu wanaonilisha na kunisomesha.

Sasa shoga zake wa ofisini wanataka nyungo sita. Amenikalisha mezani nikuandikie: uweke rangi nyekundu na kijani, zifanane na vitambaa vya makochi. "Na mwambie asijitese kukaza. Hakuna atakayezitilia nafaka."

Nimeandika kama alivyosema. Haya mengine naongeza mwenyewe. Uzuri wa ungo wako mimi nauona kwenye kule kukaza. Ukilegeza, sijui kinachobaki ni nini. Lakini tangu sinia za plastiki zijae mnadani hakuna aliyekuagiza ungo hata mmoja, basi nitakuambiaje ukatae? Na najua wewe unapepetea ule wa zamani uliotoboka, kwa kuwa ule mzuri ulitupatia sisi wa huku.

Ila ukizisuka, naomba mtu mwingine azilete. Nisizibebe mimi.

Nisalimie Baba, na Bibi anayelinda shamba, na kaka Issa huko kwa ng'ombe. Msalimie sana mdogo wangu Rehema. Najua umeanza kumfundisha kusuka. Mama, tafadhali, asianzie na hizi sita.

Mwanao akukumbukaye,
Zaituni