Ngoja Nimeze Kwanza

Mama Ayub,

Kwani huko uliko hakuna ruhusa? Tangu tukuzike kule kwenu Kakamega, nikarudi Kiamunyi miguu imevimba kama mihogo, hujakanyaga hata ndoto yangu moja. Mama Kioski umemwendea. Anasema ulikuja umevaa ile gauni ya maua, mkaongea vizuri. Mama Kioski! Mtu uliyekuwa ukimwita kisonono cha mtaa! Mimi tuliyepakana ua, mimi niliyekuchumia sukuma wiki ukiwa huwezi kutoka kitandani, unanipita kama hunijui. Aibu ikushike hukohuko.

Unajua sikuingia darasani hata siku moja. Anayeandika ni Shiru, mjukuu wangu, na nimemkanya asinirekebishe. Nasema, anaandika. Sasa anacheka. Andika tu, wewe.

Sikiza. Nilipata kiharusi. Usishtuke, nimepona. Nilikuwa nakamua ng'ombe, mdomo ukaenda upande na mkono ukaacha kunisikia. Mkono ulirudi. Mguu nao ukarudi, kwa madaha. Koo ndilo lilikataa. Nikinywa chai, napaliwa. Nikinywa maji, napaliwa. Nakohoa mpaka ng'ombe ananigeukia.

Na unakumbuka ulichokuwa ukisema mtu akipaliwa? "Kuna mahali unatajwa." Basi nikajua ni wewe. Umechoka kukaa peke yako, unaniita, na vile unapenda chai, unaniita wakati wa chai. Nikamwambia binti yangu Njeri, huyu mwanamke hatanyamaza mpaka niende. Nikagawa kuku. Ile sufuria kubwa nikasema iende kwa Ayub wako. Hata nguo ya kuzikwa nilichagua. Nilijifanya shujaa, lakini, dada yangu, niliogopa. Shiru amechumbiwa, na nilitaka nimwone akitolewa mahari nikiwa nimekaa kwenye kiti, si kwenye picha ukutani.

Akina mama wa kanisa nao, Mungu awabariki, walikuwa karibu kuniua kwa upendo. Unatujua. Mgonjwa ni wa chai, mgonjwa ni wa supu nyepesi iliyochujwa. Kila mmoja anaingia na thamosi yake. Nikinywa nakohoa, wao wanafumba macho kuniombea. Wakisema amina, wananimiminia kingine.

Njeri akakasirika, akanipeleka hospitali huko mjini. Nikapelekwa kwa msichana mmoja wa nywele za kusuka, ati kazi yake ni kufundisha watu kumeza. Nikamuuliza, mama yako anajua ulienda chuo kusomea kumeza? Akacheka, halafu akaniambia kama mimi ni nyanya yake, "Shosho, weka vidole hapa shingoni, umeze mate." Nikaweka. Mama Ayub, kuna kitu kilipanda na kikashuka! Miaka hii yote nimetembea nacho na sijawahi kukisalimia.

Akanieleza. Hapo kooni ni kama ua mmoja wenye milango miwili. Wa mbele ni wa pumzi, unaenda mapafuni. Wa nyuma ni wa chakula, unaenda tumboni. Ukimeza, pumzi inasimama kidogo, kile kitu kinapanda, na kifuniko kinafunga mlango wa mbele mpaka chakula kipite. Nikamwambia, angekuwa ni fundi wa hapa kwetu amejenga hivyo, tungemfukuza kabla ya chakula cha mchana. Akasema hewa inayopita mlango huo wa mbele ndiyo inatoa sauti. Tunaimba nayo, tunachekea nayo. Nikamuuliza, na kusengenya? Na kusengenya pia. Basi nikamsamehe Mungu.

Nikamhadithia ile siku ya harusi ya Ayub, vile nilikuambia jambo kuhusu wigi ya mama wa bibi harusi ukiwa na pilau mdomoni, na punje ya mchele ikakutokea puani mbele ya askofu. Msichana aliweka kalamu chini. Akasema hata pua inafungukia uani humohumo. Umemsaidia kufundisha.

Sasa shida yangu. Kiharusi kilifanya ule mlango kuwa mzito kufunga. Na chai ni kama kuku. Ukifungua boma asubuhi, kuku wanapita miguuni kabla hujashika mlango. Ng'ombe anakuja polepole, unapata nafasi. Kwa hivyo kila kitu chepesi kilikuwa kinakimbilia mapafuni, na mapafu hayajui chai. Akasema tukishindwa, nitalishwa kwa mpira wa puani. "Lakini tujaribu hivi kwanza, shosho. Kitu kizito. Kidevu chini. Kijiko kidogo. Na usiongee ukiwa na chakula mdomoni."

Kizito! Nilisikia sauti yako hapohapo. "Uji mwepesi ni maji yamevaa rangi." Na vile tulikucheka! Ukileta uji wako kwenye mkutano tunakuuliza kama umeleta na kisu.

Ayub alileta unga uleule, wimbi na muhogo. Njeri akapika mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Wakanizunguka wote, wanaangalia shingo yangu kama watu wanangoja matokeo ya kura. Nikainamisha kidevu. Nikameza. Kikapanda, kikashuka.

Sikukohoa. Njeri alipiga vigelegele mpaka mbwa akatoroka. Ayub, mwanamume mzima wa ndevu, akaenda nje kulia nyuma ya tangi. Mimi nikaomba kijiko kingine.

Juzi nimeruhusiwa chai. Imepita sawasawa. Kuku nimewadai warudishwe. Njeri ananiambia mmoja alishaliwa.

Kwa hivyo hukuwa unaniita. Nilifurahi sana, na nilipotoka pale kwa msichana nikakasirika. Ina maana hukuwa umenitaja hata mara moja? Hapo ndipo nililia, rafiki yangu. Si kwa koo. Kwa wewe.

Lala salama huko kwenu. Desemba wazee wa upande wa kijana wanakuja kutoa mahari ya Shiru, na nakuahidi nitawapa uji wako kwa ile sufuria kubwa, mzito vilevile, na atakayeomba uongezwe maji nitamwonyesha mlango. Kiti chako kitawekwa karibu na changu, na Mama Kioski hatakikalia.

Na wewe uje. Uje na gauni ya maua. Lakini ukinikuta na kikombe, kaa kwanza, funga huo mdomo, uangalie shingo yangu. Kikishashuka, ndio unirudishie yale ya wigi.