Kipande Kimoja cha Mkate

Jumamosi, 2 Machi

Fundi wangu,

Leo umetimiza miezi saba tangu utuache. Nimekwenda ziwani na kigoda chako. Ndoano sikuchukua — unanijua mimi, kumtoa samaki ndoano mdomoni siwezi. Nimekaa tu karibu na jiwe lako nikawatupia kipande kimoja cha mkate, kama kila Jumamosi. Perege wakaja mbio. Yule kambale mzee mwenye mdomo uliochanika akaja mwisho, taratibu, kama mwenye nyumba. Ulimvua mara tatu, ukamrudisha mara tatu. Ulisema, huyu si kitoweo, huyu ni jirani.

Magugu yameenea. Ungekuwepo ungeshafunga mundu kwenye mti wako mrefu, ukakata upande wa mfereji tu, kwingine ukaacha. Wapita njia walikuwa wakikuuliza mbona humalizi kazi. Nawe unajibu, mgonjwa humvui nguo zote kwa mara moja ukasema unamwosha. Theluthi, halafu unangoja.

Nimezitia ufunguo saa zako za ukutani. Mbili zinatembea. Ya tatu imenigomea.

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wako kanipitia kazini, chumba cha kushonea, shuka za wodi ya wanaume zimenijaa mapajani. Furaha tele! Kamati ya Kupendezesha Mji imempa ukatibu. Kavaa tai. Jumamosi anakuja mgeni rasmi kuzindua njia ya kutembea kuzunguka ziwa. "Shemeji, maji lazima yaonekane."

Yaonekane! Kwani yalijificha?

Nikamwambia kaka yako alikuwa akikata theluthi kwa theluthi. Akacheka. "Kaka alikuwa fundi saa, shemeji. Sasa hivi kuna wataalamu."

Wataalamu wenyewe: mwenyekiti, muuza vigae. Na yeye katibu, ambaye ukimpa chambo atauliza kinapikwaje.

Alasiri wamemwaga dawa ya magugu. Ziwa zima, ukingo hadi ukingo. Nimewaona nikirudi. Wamevaa buti mpya.

Jumamosi, 9 Machi

Uzinduzi. Magugu yamelala, yamekuwa kahawia. Maji yameonekana, ndiyo — rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Mgeni rasmi kakaa dakika kumi na moja, nimepima kwa saa yako ya mkononi. Mwenyekiti kasema kamati yake imelichukua dimbwi ikaligeuza johari. Dimbwi! Maji ya kifuu bahari ya chungu, mheshimiwa. Wewe hujawahi kuwa chungu, ndiyo maana hujui.

Karibu na utepe waliibuka perege kama kumi. Midomo juu, wanatweta. Mgeni rasmi akasema, "Oneni, hata samaki wanatusalimia!" Makofi. Mdogo wako ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Midomo ya namna ile nimeiona wodini. Yako pia niliiona. Si salamu ile.

Sikusema kitu. Kwa nini sikusema?

Jumanne, 12 Machi

Wamekufa.

Nilipita asubuhi kabla ya kazi. Matumbo meupe kila mahali, maji huyaoni. Wakubwa, wadogo, wengine hawajafika urefu wa kidole. Nimesimama na mkoba wangu kama mtu aliyekosea nyumba. Nimemtafuta mwenye mdomo uliochanika, sikumwona. Wamerundikana mno pale kwenye jiwe lako.

Kazini nimeshona shuka kumi na mbili. Tatu nimezifumua.

Jumatano, 13 Machi

Wanawazoa kwa reki na kuwatia kwenye mifuko. Mwenyekiti anapita na leso puani.

Asubuhi alisema ni joto. Mchana ikawa ugonjwa wa samaki ulioingia kutoka mbali. Jioni kamati imeunda tume ya uchunguzi: mwenyekiti, katibu, na mwanakamati mmoja. Wanajichunguza wenyewe! Tusubiri tuone kama watajikuta na hatia.

Ijumaa, 15 Machi

Siwezi kulala kabla sijaandika hili, na bado ni saa moja tu ya jioni.

Ripoti imesomwa ofisini kwao, mbele ya watu kama thelathini. Msomaji ni mdogo wako. Aliinama kwenye karatasi tangu mwanzo hadi mwisho, hakuniangalia hata mara moja. Chanzo cha vifo: "vyakula vinavyotupwa majini na watu binafsi, hususan mikate."

Hususan mikate.

Shingo zote zikanigeukia. Nani hajui nani hutupa mkate pale? Fundi, nimesikia habari za mikate michache kushibisha umati. Ya kipande kimoja kuua ziwa zima ndiyo kwanza naisikia leo. Bibi mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenziwe, "Maskini, mfiwa huyo, hajui alitendalo." Hilo ndilo lililoniuma kuliko ripoti.

Nikaangalia chini ili nisilie. Pembeni ya mlango kulikuwa na pipa la bluu, miavuli imesimamishwa ndani. Lina karatasi ya maelezo ubavuni. Nikaanza kusoma tu, kama mtu anavyosoma chochote kilicho mbele yake apate kutuliza moyo.

Nimeyanakili hapa neno kwa neno: *Nyunyiza theluthi moja tu ya eneo la maji. Ngoja siku kumi na nne. Magugu yakifa yote kwa pamoja huoza na kumaliza hewa ndani ya maji, na samaki hufa.*

Theluthi moja. Halafu ngoja. Nilisikia sauti yako, Fundi, wallahi. Kutoka kwenye pipa la miavuli!

Nikasimama. Unajua mimi sizungumzi mbele za watu. Nikasoma kwa sauti. Mwenyekiti akakohoa.

"Mama, maelezo ya kwenye pipa huandikwa kwa ajili ya watu wasio na utaalamu."

Mama wa chai alikuwa anakusanya vikombe. Hakuinua hata kichwa. "Basi yaliandikwa kwa ajili yenu," akasema.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta! Mwenyekiti akaahirisha kikao. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu Agosti. Halafu nikalia njia nzima.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi nimepita ofisini kwao. Miavuli imo ndani ya ndoo nyekundu. Pipa limekwenda wapi? Mama wa chai kanivuta kando. "Wameniambia nikalitupe, dada. Nimelitupa. Nyumbani kwangu, nyuma ya kabati." Kisha akaendelea kupiga deki.

Halafu ziwani. Mkate sikuchukua. Nilikaa kwenye kigoda, harufu bado ipo. Nilikuwa karibu kuondoka, maji yakafunguka pale kwenye jiwe lako. Ndevu kwanza. Halafu ule mdomo uliochanika. Akavuta hewa ya juu kama mzee anayemeza dawa, akazama.

Yu hai! Uliniambia, kambale maji yakimkatalia huja juu kuomba hewa yetu. Nilidhani ni maneno yako ya kunichekesha.

Sikumwambia mtu. Wewe tu.

Jumapili, 17 Machi

Mdogo wako yuko sebuleni. Nimemwambia natafuta miwani.

Kaja bila tai, na karatasi moja. Inasema mimi nimekiri kulisha samaki mikate bila kujua madhara yake, na kamati imenisamehe. Imenisamehe! Na kwa kuwa kamati ina huruma, itajenga benchi la saruji penye jiwe lako, na jina lako juu yake. Kanionyesha mchoro. Herufi nzuri, za kuchonga. Jina lako lote, na la baba yenu.

Nimeuangalia mchoro ule muda mrefu. Sitakudanganya.

"Shemeji, nani mwingine atamwekea kaka benchi?" kaniuliza. "Tia saini tu, yaishe. Tunataka Jumatatu tuanze."

"Muanze nini?"

Kaanza kuzungukazunguka, nami nikamtoa neno moja moja kama anayechomoa pini kwenye pindo. Jumatatu ni kesho. Watalikausha ziwa. Chini litatandikwa vigae, katikati watasimamisha chemchemi ya umeme. Lakini faili la vifo vya samaki likiwa bado wazi, ofisi ya mkoa haiwaruhusu kugusa maji. Linafungwa kwa saini yangu.

"Na vigae vinatoka wapi?" nikamuuliza.

Akaangalia viatu vyake. Vigae vinatoka dukani kwa nani tena!

"Ziwa lenyewe limeshakufa, shemeji," akasema. Kwa upole, si kwa ubaya. Nadhani analiamini hilo. Alipokuwa mtoto ulimbeba mgongoni mpaka pale, ukamshikisha fimbo ya kuvulia, akalilia chambo kwa sababu kilikuwa kinajinyonganyonga. Nilimkumbusha. Akasema hakumbuki. Halafu akajifuta uso wote kwa kiganja, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Jina lako kwenye saruji, Fundi. Kila mpita njia angelisoma. Wakati mimi sipo tena, bado lingesomwa. Na chini ya miguu yao, vigae vya muuza vigae, na yeye mwenye mdomo uliochanika yuko ndani ya mfuko. Na juu ya karatasi, mkate wangu.

Nimepika chai, nimempelekea. Nimemwambia asubiri kidogo. Kalamu hii ninayoandikia ni yake. Ni nzuri, haikwaruzi.

Ananiita. "Shemeji, miwani imeonekana?"

Bado, nimemjibu. Iko usoni kwangu.

Ofisi ya mkoa hufungua saa mbili asubuhi. Basi la kwanza ni saa kumi na mbili. Pipa lile halitaniruhusu kukaa kitini, nitasimama nalo mlangoni. Mama wa chai kasema, ukilihitaji pita, hata usiku. Sijamjibu. Sijui kama nitaweza. Sijawahi kuingia ofisi ya mkoa peke yangu, ulikuwa unaingia wewe, mimi nabaki nje na mkoba.

Amesimama sasa, nasikia kiti. Anakuja mlangoni.

Wao wamekukumbuka leo asubuhi tu, tena kwa saruji. Mimi sina ninachokuomba kikubwa. Nawe huko uliko, Fundi wangu, unikumbuke.