Kukaa Kimya na Marehemu

Nordal, Jumapili, 7 Januari 1979

Mdogo wangu Halvard,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaonung'unika, nao umezoea kununa kila Januari. Wewe je? Unakula? Unaivaa ile sweta niliyokufumia, au umeificha sandukuni wabunge wa mjini wasije wakakucheka?

Theluji imefika kwenye madirisha ya banda la ng'ombe. Lakini barabara iko wazi, namshukuru Mungu, namshukuru na Selmer Dahl. Alfajiri nasikia greda lake likinguruma kutoka kambi ya barabara, likisukuma theluji, taa zake zinapita ukutani juu ya kiti cha baba, nami narudi kulala kidogo kama mtoto aliyesikia kuwa mzazi yuko macho.

Leo baada ya ibada, kwenye kahawa, mkewe Selmer alinibana pembeni.

"Ragna, hivi ndugu yako anatuuza?"

"Amuuzie nani, na nani atatununua?"

"Usinichekeshe. Wanasema Februari ikiisha fedha za kambi ndogo zimekwisha, na greda letu linapelekwa mjini likasafishe mbele ya maduka."

Nikamwambia Halvard hajakikalia kile kiti cha Bunge miaka yote ili apashe mbao joto. Wakacheka. Mzee Aasen akadakia, "Mwambie greda likiondoka, asije kuomba kura kwenye karamu ya kanisa ya samaki waliolowekwa magadi. Samaki tutakula, kura tutarudi nazo nyumbani."

Wanatania, lakini wanaogopa. Nami naogopa. Wewe unajua kwa nini uligombea. Sijasahau baba alivyolazwa ghalani juu ya magunia ya shayiri, akisubiri barabara ifunguke tukamzike, na mama akienda kila asubuhi kumpangusa theluji iliyopenya kwenye nyufa ikamtua usoni. Wewe ulikuwa hupiti upande ule wa uwanja. Na siku kambi ilipofunguliwa kwa juhudi zako, uliushika ubavu wa lile greda kama mtu anayempapasa ng'ombe anayempenda.

Nimekutumia chapati za viazi. Zipake siagi na sukari, usizile kavu kama mfungwa.

Dada yako,
Ragna


Mji mkuu, 19 Januari 1979

Dada Ragna,

Salamu zako nimezipokea, na mgongo wako nimeupa pole. Mimi sijambo. Chapati zilifika vipande vipande, nikazila kwa kijiko. Sweta iko mwilini, chini ya koti, na hakuna anayecheka kwa sababu hakuna anayeiona.

Waambie watu wa kanisani watulie. Muswada wa kuziendeleza kambi ndogo nimeuwasilisha mimi mwenyewe. Tukihesabu vichwa tunapita. Si kwa mbali, lakini tunapita.

Jirani yangu wa kiti anaumwa. Unamkumbuka Lyle Rask, yule wakili wa mjini niliyemleta kwenye karamu, akampa paka wa kanisa samaki wake wote kwa siri? Katibu huita majina kwa mpangilio wa herufi: Rask, halafu Rossum. Miaka yote iko hivyo. Yeye akisema hapana, mimi nasema ndiyo, kisha ananipenyezea peremende chini ya meza kana kwamba ananipa rushwa. Hatujawahi kukubaliana juu ya kitu chochote isipokuwa peremende.

Nilikwenda kumwona hospitali. Ni mapafu. Amekonda mpaka pete yake ameifunga uzi isidondoke.

"Rossum," akasema, "umekuja kuhakikisha nakufa kabla ya kura?"

"Nimekuja kuiba peremende."

Tukacheka mpaka muuguzi akanitoa nje. Kabla sijatoka aliniomba jambo dogo, nikampa mkono. Nitakueleza nikirudi.

Msalimie Selmer.

Mdogo wako,
Halvard


Mji mkuu, 6 Februari 1979

Dada,

Natumaini uko salama. Mimi mwili haujambo.

Rask amefariki. Meza na kiti chake wamevifunika kitambaa cheusi, juu wameweka ua jeupe. Kiwiko changu kinagusa kile kitambaa kila ninapoandika.

Nitakwambia jambo, usimwambie mchungaji. Jana mchana, wakati mheshimiwa mmoja akitusomea takwimu za ngano, nilisikia karatasi ya peremende ikifunguliwa upande wangu wa kushoto. Ile sauti naijua. Nikageuka. Kitambaa, ua, basi. Nikafungua droo yake: tupu, mkewe alishachukua kila kitu.

Leo asubuhi Katibu, kwa mazoea, akaita, "Bwana Rask." Katibu mwenyewe, yule mama, akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akaita jina langu, na mimi, dada, sikujibu upesi. Nilisubiri. Niliona kama ni lazima apewe nafasi yake ya kujibu kwanza.

Nakuuliza wewe kwa sababu unasali kuliko mimi. Mtu ukimpa mkono juu ya jambo, naye akafa, ule mkono bado umeushika? Usiniulize ni jambo gani. Ukijua, utanijibu kwa kuangalia faida.

Mdogo wako,
Halvard


Nordal, 11 Februari 1979

Mdogo wangu mpendwa,

Amani ya Kristo iwe nawe. Pole kwa msiba. Nimemwombea Bwana Rask ingawa alimpa paka samaki wetu. Huku tuko salama, ng'ombe yule mwenye baka amezaa ndama, na Selmer anapita kila siku.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi si msomi, shule niliiacha nikakamua ng'ombe, kwa hiyo nakujibu kama ninavyojua.

Baba alipokuwa anakata roho alimwomba mama asiuze shamba la kaskazini. Unakumbuka tulivyohangaika? Mnunuzi alikuja mpaka jikoni, akavua kofia, akataja bei nzuri. Mama akamwambia, "Angekuwa hai ningembembeleza mpaka akubali. Sasa nimbembeleze nani?" Siku ile nilimkasirikia, maana nilitaka viatu. Baadaye nilimwelewa. Aliye hai anaweza kukufungua. Aliyekufa hawezi tena, mpaka mkutane mbele za Mungu. Nami nisingependa ukutane na mtu kule ukiwa huwezi kumtazama usoni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mkono bado umeushika. Ushike.

Na hiyo karatasi ya peremende, usiogope. Omba, kisha ulale.

Dada yako anayekupenda,
Ragna


Mji mkuu, 22 Februari 1979

Dada yangu,

Sijui nianze na salamu gani. U mzima? Mimi sijui kama mimi ni mzima.

Huenda redio imekwisha kukwambia. Ngoja usikie na kwangu.

Huku Bungeni kuna desturi tunayoiita jozi. Mbunge mgonjwa anamwomba mmoja wa upande wa pili akae kimya naye, ili ugonjwa wake usiwape wenzake hasara. Ndilo jambo aliloniomba Rask: kura ya muswada wa kambi. Yeye angesema hapana, mimi ndiyo, basi tusiseme wote wawili. Nilimpa mkono kwa moyo mweupe, maana siku ile tulikuwa tunapita hata bila mimi. Wiki hii wawili wa upande wetu wakageuka.

Spika alinivuta pembeni. "Halvard, kanuni ziko wazi. Jozi imekufa na mtu wake. Uko huru."

"Mimi sikuzipa mkono kanuni," nikamwambia.

"Maiti hapigi kura!"

"Ndiyo maana aliniomba."

Jina langu lilipoitwa nikasimama, nikasema maneno ya desturi: "Nina jozi na marehemu Bwana Rask. Angekuwepo angesema hapana. Mimi ningesema ndiyo. Kwa hiyo sisemi." Nikakaa. Pembeni yangu karatasi ya peremende ilikuwa inalia, inalia, kama moto wa vijiti.

Kura zikalingana. Na kwetu muswada uliolingana umekufa.

Wewe hukujua nilichokuwa nakuuliza. Lawama usijitwike.

Halvard


Nordal, 28 Februari 1979

Halvard,

Ni mzima.

Leo Selmer amelipeleka greda mjini kwa mkono wake mwenyewe. Amerudishwa na lori la maziwa, akakaa kwenye ngazi za kambi akiwa hana pa kwenda. Mkewe hakunisalimia.

Uliniuliza kama mtu anayeuliza bei bila kusema ananunua nini. Umenipigisha kura nikiwa nimefungwa macho. Sasa kila nikiifikiria theluji nasikia maneno yangu mwenyewe: ushike, ushike.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Ragna


Mji mkuu, 14 Machi 1979

Dada Ragna,

Umenikataza kuandika, nami nimekutii mpaka leo nimeshindwa. Sijui kama unaumwa. Sijui kama una kuni. Simu ya Nordal haiiti, wanasema waya umelala chini. Kila siku nauliza posta, wananitazama kama mwombaji.

Si kwamba najutia mkono niliompa Rask. Ningefanya vile vile. Lakini silali. Mchana namsikia yeye, na nikifumba macho namwona baba kwenye magunia, na katikati yao wewe umekaa kwenye kiti cha baba, hunisemeshi. Hao wawili nawavumilia. Wewe siwezi.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi nakuja nyumbani. Redio inasema mbingu itatulia. Januari ijayo nitaurudisha ule muswada, na safari hiyo sijafungwa na mtu. Waambie akina Dahl hivyo.

Niwekee kahawa. Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikiwa nimeshika kikombe.

Mdogo wako,
Halvard


Mji mkuu, 31 Januari 1980

Mdogo wangu Halvard,

Mchungaji akijua nakuandikia atanikemea, kwa hiyo hatajua. Nakusalimu. Mimi ni mzima. Kwako siulizi, nimekwisha kukukabidhi panapostahili.

Nianze na lile linaloniuma. Nilikuandikia. Ilikuwa tarehe nne Machi, hasira haikunifikisha hata wiki. Niliandika kwamba mama angekusifu, kwamba nami nimekusamehe, nawe unisamehe ukali wangu, na kwamba barabara imeanza kufungwa na theluji, usije mpaka ifunguke. Nikaibandika stempu, nikaipeleka kwenye sanduku la posta mwisho wa njia. Ndipo theluji kubwa ikashuka, na hapakuwa na greda la kumpitisha mtu wa posta. Barua yako ya mwisho na yangu zilipishana, ila yangu haikuondoka mahali pake.

Selmer ndiye aliyekukuta umeganda, alikuwa anakutafuta kwa miguu. Gari ulikuwa umeliacha nyuma limekwama thelujini, ukaja ukitembea. Ulikuwa karibu mno, mdogo wangu. Ungeinua uso ungeona paa la ghala.

Na ghalani ndiko tulikokulaza, pale pale. Barabara ilichelewa kufunguka. Nilikuwa naenda kila asubuhi kukupangusa uso, na sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nazungumza nawe. Mkewe Selmer alikuwa anakuja nami, anashika taa, na siku moja akasema, "Ragna, nilikununia kanisani." Nikamwambia, "Shika taa vizuri." Tukalia.

Kisha wakaja watu wa Gavana, wakanywa kahawa yangu, wakauliza kama nitakalia kiti chako mpaka uchaguzi. Nikacheka. "Mimi ni wa kukamua."

Mmoja wao akasema, "Mama, humo ndani tunao mawakili wa kutosha."

Basi niko hapa, nimevaa sweta yako chini ya koti. Katibu hakubadilisha hata jina. Na kiti cha kushoto, unajua yuko nani? Doris Rask. Naye wamempa kiti cha mumewe. Mwanamke mrefu, hasemi sana. Wiki ya kwanza hatukuzungumza. Ya pili akanipenyezea kitu chini ya meza. Peremende.

"Lyle alinihadithia ule mkono," akasema bila kunitazama. "Alifurahi kama mtoto. Sikujua utamgharimu nani."

Nikaila ile peremende.

Muswada wako niliurudisha mimi. Nilisimama nikawaeleza habari za ghala, mara mbili, ya baba na yako. Sikuongeza kitu. Nilikuwa naharakisha maneno, mheshimiwa mmoja wa nyuma akaniambia, "Pole pole, mama, tuko hapa."

Jana ikawa kura. Katibu akaanza kuita, nami nikawa nafuata hesabu kwa vidole kama mtoto, na wenzangu wakininong'oneza kwamba ukihesabu na watakaoitwa baada yetu zinalingana, zinalingana tena. Nikajua: Doris akisema hapana kama mumewe, ndiyo yangu itakuwa imeondolewa na yake, na tumekufa tena.

"Bibi Rask."

Akasimama. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Mume wangu angesema hapana," akasema. "Mimi pia nimetumwa na watu wangu kusema hapana. Lakini marehemu Bwana Rossum alikaa kimya kwa ajili ya marehemu mume wangu. Leo mimi nakaa kimya kwa ajili yake. Kwa hiyo sisemi."

Akakaa.

"Bibi Rossum."

Nikasimama, na hapo, Halvard, nikaisikia. Karatasi ya peremende. Si kwa Doris, mikono yake ilikuwa wazi juu ya meza. Na kwangu, pale kitini nilipotoka kuinuka, nikasikia mtu akivuta pumzi kama anayetaka kusema.

Sikujibu upesi. Katibu aliniangalia, akadhani nimesahau neno. Sikulisahau. Nilisubiri upewe nafasi yako kwanza.

Halafu nikasema ndiyo, na ikatosha.

Dada yako,
Ragna