Maelezo ya Ziada Kuhusu Neno "Hakukaza"

Kituo cha polisi, Kaunti ya Embu
Jumanne, 13 Mei 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi

Shahidi: Stanley Kaimenyi Njura. Umri: miaka 71. Kazi: mwalimu mkuu mstaafu, sasa mkulima. Makazi: Ruiri, Kaunti ya Meru.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba gari likishashushwa kutoka kwenye jeki, kazi imekwisha. Naomba nilifafanue kwanza, maana bila hilo maelezo yangu ya jana hayawezi kurekebishwa.

Nina Pijo 404 ya mwaka 1967. Mikono inayoshika magurudumu ya mbele hufungwa kwa bushi za mpira. Ukizikaza nati zake magurudumu yakining'inia, gari likishuka mpira hujisokota na kupasuka. Kwa hiyo fundi mzuri huzishikiza nati kwa vidole tu, hulishusha gari likalie uzito wake, ndipo huingia tena chini kukaza.

Mnamo Ijumaa tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, nililifikisha gari kwa fundi Abdirahim Hersi, karibu na uwanja wa Kinoru mjini Meru, abadilishe bushi zilizooza. Nilikuwa na mke wangu Celina, miaka 68. Kutoka hapo tungeenda Embu kumwona dada yake Wanjugu, aliyelazwa hospitalini. Saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi.

Abdirahim alifanya kazi vizuri. Alimwambia Celina, "Mama, hii gari na Mwalimu ni rika moja, lakini gari haibishani." Celina alicheka sana.

Saa saba kasoro dakika kumi alilishusha gari. Alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, akaniambia, "Mwalimu, iko chini lakini bado sijakaza. Naenda kuswali, nikirudi namalizia. Usiitoe."

Nilimjibu, "Nimesikia."

Saa saba na robo nilikifungua kitambaa. Celina alisema, "Mwalimu, si tumngoje? Ana sababu ya kukifunga." Nilimweleza kwamba gari lililosimama kwa magurudumu yake manne ni gari zima, na kwamba mafundi hupenda kututisha. Nilieleza kwa muda mrefu. Aliingia garini.

Tulipopita Chuka kitu kilianza kugonga chini ya miguu yake. Aliuliza, "Hiyo ni nini sasa?" Nilimweleza kwamba mpira mpya hugonga mpaka uzoee.

Saa tisa na dakika kumi, kwenye mteremko kabla ya Runyenjes, gurudumu la mbele kushoto lilijigeuza lenyewe. Gari liliingia mtaroni na kugonga kalvati upande wa Celina. Nilimwita. Saa tisa na nusu wahudumu wa ambulensi waliniambia niache kumwita.

Jioni, hospitalini, binti yetu Kajuju aliniuliza, "Baba, nani amefanya hivi?" Nilijibu, "Fundi hakukaza."

Jana niliandikisha maneno hayo hayo katika kituo hiki, nikaongeza kwamba fundi aliacha kazi akaenda msikitini. Jioni Abdirahim alikamatwa.

Kila neno nililoandikisha ni la kweli. Hakukaza, kwa sababu wakati wa kukaza ulikuwa haujafika. Alikwenda msikitini, na aliniaga. Nilichoficha ni kitambaa. Kilikuwa mfukoni mwa koti hili nilipotia sahihi. Leo nimemkabidhi afisa kitambaa hicho.

Nyumbani kwangu waombolezaji wanasema "hao watu" hawaaminiki. Wengi wao niliwafundisha darasani, na hili pia wamejifunza kwangu.

Naambiwa Abdirahim atafikishwa mahakamani saa tano. Kajuju amekaa kwenye benchi hapo nje. Bado sijamwambia.

Hayo ndiyo niliyoyatenda, nimeyasema nikiwa na akili timamu, na sikulazimishwa na mtu.

(Sahihi) S. K. Njura

Maelezo ya afisa: Kabla hatujaanza nilimwonya shahidi kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Alisema niandike. Nimepokea kitambaa kimoja chekundu, chenye madoa ya grisi. Nilimsomea maelezo yote, naye akayapitia kwa macho yake, akarekebisha tahajia ya neno moja. Kabla ya kutia sahihi aliomba niongeze sentensi moja, nami naiandika kama alivyoitamka: "Mwachilieni Abdirahim leo."

Sajini P. Ndwiga