Uchafu Kwenye Kioo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Najua utasema hayajambo huku umeyashika kwa mikono miwili. Na dawa ya presha unakunywa, au bado unaificha chini ya mto? Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu nabandika. Ndivyo ilivyo. Nabandika vinasaba juu ya vioo vidogo, nukta kwa nukta, vishike visitoke hata nikivisuuza. Kisha namwagia juu yake vinasaba vya mtu asiyejulikana. Vikikuta vinavyolandana navyo vinang'ang'ania, na nukta ile inawaka ndani ya mashine. Vingine vinakwenda na maji. Kwa nukta zilizowaka tunajua mtu ni nani, au ni wa nani.

Tangu lile ghala la magodoro liungue tunaletewa mifupa. Mmoja ulitutoa jasho. Mashine ilisema unafanana na mimi, maana vinasaba vya kila mfanyakazi vimehifadhiwa humo ili akichafua sampuli ajulikane. Mkuu wa maabara alinijia juu, akasema nimefanya kazi bila barakoa. Wenzangu wakanibatiza Bi Chafya, nami nikacheka nao kwa kuona haya. Nikarudia nimejifunika hadi kwenye kope. Jibu lile lile. Akapewa mwenzangu, mimi nikakaa nje. Lile lile.

Ndipo mkuu alipofunga mlango, akaniambia taratibu kwamba ule si uchafu wangu. Mwenye mfupa ni mwanaume, na nukta zake zinalingana na zangu kiasi cha watu waliochangia baba na mama. Akaniuliza kama nina ndugu wa kiume. Nilimjibu sina, Baba. Ulimi umezoea, maana ndivyo ulivyotufundisha kujibu tangu siku uliyomtupia mdogo wangu nguo zake barabarani. Kisha nikakaa sakafuni.

Hakuwa ng'ambo akila raha, kama tulivyokuwa tukimsema. Nilikwenda kuwauliza wapakiaji walionusurika. Walimkumbuka mlinzi kijana, mcheshi, aliyelala mlemle ndani na kufungiwa kwa nje kila jioni. Jina lake hawakulijua. Alikuwa akijiita Yatima.

Mfupa hawanipi. Wanataka sampuli ya mzazi, na Mama hatunaye. Hapa maabara watakupitishia pamba ndani ya shavu, haiumi. Ila kabla ya hapo karani atakuuliza kama ulikuwa na mtoto wa kiume, nawe utatakiwa kujibu kwa mdomo wako mwenyewe. Ukikana, atazikwa pamoja na wasio na wenyewe.

Nina hasira nawe, Baba, na ninakupenda, na sijui nianze na lipi.

Msalimie sana shangazi, ila usimwambie bado. Jumatatu nitakuwa kituo cha basi tangu asubuhi. Basi la mwisho likishusha watu wote na wewe hujashuka, nitajua umeshamjibu karani.

Ni mimi, mwanao aliyebaki.